Mashine ya Kijivu Nyuma ya Nguzo

Sista alistaafu siku ya Ijumaa, na kufikia Jumatatu kila aliyemjua alikuwa amegeuka mtaalamu wa fedha zake.

Ndivyo kilivyo kiinua mgongo. Mtu akiugua, watu hukosa la kumwambia. Akipokea fedha kwa mkupuo, hata asiyejua kujumlisha humkalisha kitako amshauri. Muuza dawa wa pembeni alimwambia anunue pikipiki ampe mtu aiendeshe. Jirani wa ghorofa ya juu alimwambia afuge kuku wa mayai, na alipoulizwa watafugwa wapi katika vyumba viwili vya kupanga, akasema hayo ni mambo ya mbele. Sista aliwashukuru wote kwa sauti ileile aliyowashukuria madaktari wanafunzi, sauti ya kumaliza maneno.

Jina hilo la Sista alilipata wodini. Kwa miaka thelathini na miwili alisimamia wodi ya wanaume waliopasuliwa, vitanda ishirini na vinne, na waliopona walitoka nalo hadi mitaani likamganda. Hata mdogo wake, kinyozi wa mtaa uleule, alimwita hivyo alipotaka kumtania. Alipotaka kumkopa alimwita dada.

Pensheni ya kila mwezi ilitosha chakula, umeme na dawa ya magoti. Kodi ya nyumba haikuwemo. Mwanawe wa pekee, fundi wa mafriji, aliliona hilo mapema kuliko yeye, na kwa kuwa ni mtu wa vitendo, akatoa pasi kwenye chumba cha kupigia pasi nyumbani kwake, akakipaka rangi ya samawati, akatia kitanda na pazia la maua. Kisha akaja kumpa mama yake habari hiyo huku uso umemchanua.

Sista hakuwa na ugomvi na mwanawe, wala mkwewe hakuwa na neno. Alipenda sana kwenda kwao, na alijua kwa nini alipenda: mgeni ana siku yake ya kuondoka. Hapa kwake aliamka alipotaka, alikunywa chai bila kusemeshwa, aliimba vibaya akifua, na hakuna aliyemuuliza kulikoni. Nusu ya umri wake ameamka kwa kengele za watu. Vyumba hivi viwili ndivyo alivyoviona malipo yake hasa, na wazo la kuvitoka lilimuuma kuliko magoti.

"Kiinua mgongo ukikila kwa kodi, Mama, miaka mitatu kimeisha," mwanawe alimwambia. "Halafu?"

"Sikili. Nakitia kwenye kitu kinachozaa. Nipe miezi sita."

"Na kisipozaa?"

"Mwisho wa mwezi wa sita njoo na gari. Kama sina kodi yangu mwenyewe mkononi, nitapanda mbele na dereva na sitakusumbua."

Walishikana mikono kama watu wasiojuana. Yule fundi wa mafriji akaenda zake akiwa na hakika kwamba lile pazia la maua halikununuliwa bure.

Wazo la mashine lilitoka kwa kinyozi, ambaye hutoa mawazo kumi kwa siku, tisa mabovu. Alimweleza dada yake kwamba katika lile jengo kubwa la maduka, ghorofa ya juu, kuna ukumbi wa mashine za michezo, na watu huingia humo na noti, hutoka mikono mitupu, na kesho hurudi wakicheka. Mashine haiombi likizo, alisema. Haiumwi, haichelewi kazini, haina shangazi wa kuzikwa kila mwezi. Tatizo lilikuwa moja tu, nalo ni kwamba kiinua mgongo kingetosha mashine moja iliyotumika, basi, na yeye kinyozi hakujua ni ipi yenye faida kuliko zote. Wa kunyolewa alikuwa na lake, wa kusubiri zamu alikuwa na lake, na wote walisema kwa uhakika wa watu ambao si fedha zao.

Sista akasema hilo si jambo la kubishania. Mgonjwa hapimwi homa kwa maneno.

Jumatatu iliyofuata alipanda hadi ukumbini na kiti chake cha kukunja, saa yake ya kifuani ya enzi za kazi, na karatasi zilizochorwa mistari. Alikaa karibu na ukuta. Alifanya kama alivyofanya wodini miaka yote: kila mashine aliipa namba ya kitanda na chati yake, kila sarafu iliyoingia akaitia kijistari, na kila robo saa akapiga mstari wa kufunga. Alikaa siku sita, saa tano kila siku. Mlinzi alimdhania mtu wa kodi ya serikali, akawa anamletea maji.

Chati hazidanganyi. Gari la mashindano, lenye usukani na kiti kinachotetemeka, lilikuwa na foleni ndefu, lakini kila dereva alikaa dakika nne, na dakika nne ni nyingi mno kwa sarafu mbili. Gunia la ngumi lililala mchana kutwa likaamka jioni wanaume walipokuja na wachumba wao. Mwanaume aliye peke yake hapigi gunia. Farasi wa watoto alitikisika pole pole na kuingiza kidogo kidogo, lakini hakukosa mtu. Ile mashine ambayo sarafu zimejazana ukingoni na kila mtu anaamini yake ndiyo itakayoziangusha ilikuwa na wateja watatu wazee waliokuja kila siku na hawakuzungumza na mtu. Mashine ya kunyakua midoli ndiyo ilikuwa mlafi. Mkono wa chuma hushuka, hugusa sikio la dubu, humwachia, nusu dakika imekwisha, na baba wa watu anasema mara hii namjulia. Kwenye chati ilizipita zote.

Zote isipokuwa kitanda namba tisa.

Namba tisa ilikuwa kwenye kona, nyuma ya nguzo. Kutoka alipokaa, Sista aliona kipande cha juu tu: sanduku refu la kijivu lisilo na muziki, lisilo na picha, lenye kitaa kimoja cha kijani. Nguzo ilificha mengine. Lakini watu walikwenda huko bila kukoma, wazee kwa vijana, na hawakutia sarafu, walitia noti. Hakuna aliyekaa zaidi ya sekunde kumi. Waliinama, wakasimama, wakatoka huko wametulia. Kwenye midoli watu walitukana, kwenye gari walipiga usukani, ila wa namba tisa hakuna aliyelalamika hata mmoja. Mara moja moja alimwona mtu akitoka na sarafu tele mkononi, akajiandikia pembeni kwamba huyo ameshinda.

Kwa mahesabu ya chati, namba tisa ilimeza mara sita ya mlafi wa midoli.

Msomaji atauliza kwa nini hakuinuka, akazunguka nguzo akatazama. Kinyozi naye aliuliza baadaye, kwa maneno makali zaidi. Jibu ni kwamba Sista alikuwa na kanuni yake aliyowafundisha wauguzi wote waliopita mikononi mwake: nesi halali kitanda cha mgonjwa. Unapima, unaandika, hujichanganyi. Katika siku zile sita hakutia sarafu kwenye mashine yoyote wala hakusogelea yoyote, asije akashawishika. Kanuni nzuri, imeokoa wagonjwa wengi. Haikuundwa kwa ajili ya nguzo.

Dalali wa mashine zilizotumika alikuwa na yadi nyuma ya karakana za magari. Alimtembeza Sista kati ya magari ya mashindano yasiyo na usukani na farasi aliyekatika sikio, akamwonyesha mashine ya midoli safi kabisa, ya mwaka juzi. Sista aliipita kama hakuiona. Kule mwisho, chini ya turubai, ilikuwepo pacha wa namba tisa, ya kijivu, kitaa cha kijani.

Alisema anaitaka hiyo. Dalali alimtazama, akaitazama mashine, akamuuliza kama ana hakika. Akamwambia kwa uungwana kwamba wateja wake wengi huanza na midoli. Sista, aliyeishi na madaktari, alimjua mtu anayeficha kitu kizuri. Kadiri dalali alivyosita ndivyo alivyokaza.

"Mama yangu, hii si ya kuanzia," dalali alisema. "Hii watu huwa nayo wakishakuwa na nyingine."

"Ndiyo maana mnabaki nazo nyie wakubwa," Sista alimjibu. "Nifungie hiyohiyo."

Sikio la kufa halisikii dawa, hata liwe la nesi. Dalali alimpunguzia bei, na hilo lingetosha kumshtua mtu mwingine. Alimwonyesha kwa juu mahali pa kujazia sarafu, akamwambia asisahau kuijaza kabla ya kuiwasha, na Sista akaafiki kwa kichwa. Zawadi, bila shaka. Mashine ya bahati lazima iwe na kitu cha kushindaniwa.

Jumamosi asubuhi mashine ilisimama kwenye kona ya kinyozi, imefutwa vumbi, tumboni ina sarafu mia tatu ambazo Sista alizikusanya wiki nzima kutoka maduka ya mtaa. Kinyozi alikuwa ameeneza habari, na kijiduka kilijaa. Wa kwanza alikuwa fundi viatu wa jirani. Alitia noti yake. Mashine ikanguruma, ikatema sarafu kwenye kikombe cha chini. Watu wakashangilia. Fundi viatu akazihesabu: kumi. Noti yake ilikuwa ya thamani ya sarafu kumi.

Alisema huenda hiyo ndiyo bahati yake ya leo, kutoka sare. Akatia noti nyingine. Kumi. Muuza dawa akajaribu. Kumi. Mtu wa nne akatia noti kubwa, moyo ukimwenda mbio, mashine ikanguruma kwa muda mrefu zaidi, ikamrudishia sarafu hamsini zake, si pungufu si zaidi.

 Kinyozi alikuwa na mteja kitini, kichwa nusu kimenyolewa. Aliweka wembe chini taratibu, kama mtu aliyepokea taarifa ya msiba.

"Dada," alisema. "Umenunua chenji."

Kisha akaanguka kwenye benchi. Alicheka hadi akakosa sauti, akawa anapiga paja tu, na kila alipojikaza kuinuka aliitazama ile mashine akaanguka tena. Mteja wa kichwa nusu alicheka naye, kisha akakumbuka kichwa chake akaacha. Kabla ya adhuhuri mtaa mzima ulijua kwamba Sista ameuziwa mbuzi kwenye gunia, na kwamba gunia alilichagua mwenyewe.

Sista hakulia. Alirudi nyumbani, akavua viatu, akaketi kwenye kiti cha dirishani. Aliona aibu, aibu ya kweli, inayopasha masikio moto. Hakuna siku katika miaka thelathini na miwili aliyompa mgonjwa dawa isiyo yake, na sasa yeye mwenyewe amejinywesha. Alimpigia dalali, na dalali akamkumbusha kwa upole kwamba alimwonya mara mbili. Alivitazama vyumba vyake viwili. Kule kwa mwanawe, pazia la maua lilikuwa linamsubiri.

Mwezi wa nne uliingia mashine ingali kwa kinyozi, ikichenjia watu wa mtaa noti zao bure, na watu wakimpongeza Sista kwa huduma kwa jamii. Alivumilia pongezi wiki mbili. Kisha akakata shauri kuiuza kwa bei yoyote.

Karibu na kituo cha mabasi palikuwa na ukumbi mdogo wa mashine tisa, wa mtu aliyeitwa Kipara, na alikuwa nacho kweli, kinang'aa. Aliuendesha peke yake. Alikaa kwenye kidirisha chenye nondo akigawa sarafu, na mashine ikikwama alitoka na bisibisi kuikwamua. Alimsikiliza Sista hadi mwisho, akamwambia haihitaji. Yeye ana mikono miwili na mdomo mmoja, chenji anatoa mwenyewe, tena kwa tabasamu. Akamkaribisha hata hivyo apumzike kidogo kwenye benchi, maana alimwona jinsi anavyotembea kwa kuyahurumia magoti.

Sista akaketi. Mkono, kwa mazoea tu, ukaingia kwenye mkoba ukatoka na kalamu.

Alikaa saa nzima, kisha saa ya pili. Alimwona baba mmoja na bintiye kwenye mashine ya midoli. Baba alichukua sarafu kidirishani, zikaisha. Akarudi, Kipara akampa nyingine, akamtania kwa wema kabisa: "Bado tu? Huyo dubu ana kiburi." Watu wakacheka, baba naye akacheka. Zilipoisha hizo, baba aliingiza mkono mfukoni, akaishika noti, akatazama kidirishani. Kipara alimtazama pia, huku akitabasamu. Baba akaurudisha mkono, akamwambia mtoto twende, mama anasubiri.

Sista akamfuata kwa macho hadi mlangoni, na moyo wake ukaruka. Mambo hayo alikuwa ameyaona mara elfu. Mgonjwa akiomba maji mara ya kwanza anaomba kwa sauti. Mara ya pili anaomba kwa kunong'ona. Mara ya tatu haombi. Anakaa na kiu yake, kwa kuwa anamwonea haya nesi, na nesi awe mkarimu vipi, haya ni ileile. Ndiyo maana katika wodi yake, kinyume cha wodi zote, kila kitanda kilikuwa na jagi lake la maji pembeni. Madaktari walimwona anapoteza fedha kwa majagi. Wagonjwa wake walipona upesi kuliko wa wengine.

Akakumbuka ile nguzo. Siku zote alidhani nguzo ilimkosesha kuona. Kumbe yule mwenye ukumbi mkubwa aliiweka mashine yake kule makusudi, mahali ambapo mtu anaweza kuinama mara ya tatu na ya nne na ya saba, na hakuna anayemwambia bado tu.

Alisimama bila kukumbuka magoti. Akamwambia Kipara wasiuziane kitu. Mashine ibaki ya Sista, ikae hapa, na sarafu za kuijaza zitoke kwenye masanduku ya Kipara mwenyewe, ziende zikirudi. Wiki hii Sista atapima jinsi mashine zote tisa zinavyochezwa kama zilivyo. Wiki ijayo atapima tena chenji ikiwa imehamia kwenye mashine, si kidirishani. Kilichozidi wagawane nusu kwa nusu. Kisipozidi, Kipara ataichukua ile mashine bure aifanye kabati.

"Na mimi kidirishani nifanye nini?" Kipara aliuliza, kidogo kwa huzuni.

"Ukwamue mashine. Nimekuhesabu: leo tatu zimekwama, na moja imelala dakika arobaini kwa sababu umefungwa na chenji."

Kipara alijikuna kipara. Alikubali, ila akataka mashine ikae mlangoni, watu waione. Hapo Sista akagoma kabisa. Ukumbi ule nao ulikuwa na nguzo yake, na nyuma ya nguzo palikuwa pamerundikwa maboksi. Akavua koti, akaanza kuyatoa mwenyewe, na Kipara, aliyelelewa vizuri, hakuweza kukaa akimtazama mtu mzima akibeba maboksi.

Mbio za wiki mbili zile Sista alizikimbia kama zamu za zamani. Wiki ya kwanza, mashine ya midoli ilichezwa mara kumi na moja kwa saa. Wiki ya pili, ishirini na tatu. Mashine ya kutupia mpira kikapuni ilipanda, gunia la ngumi likapanda, hata farasi alipata wateja wa ziada, kwani mama mwenye sarafu tatu zilizobaki mkononi hupenda kuzimaliza. Na Kipara, akiwa huru na bisibisi yake, alikwamua kila kitu kabla hakijapoa. Siku ya saba alitazama chati, akatazama masanduku, akafungua soda mbili bila kusema neno. Kisha akasema neno, nalo lilikuwa kwamba ana binamu mwenye ukumbi mwingine.

Kinyozi aliposikia alibadilisha hadithi. Kuanzia siku hiyo, kila aliyekaa kwenye kiti chake aliambiwa kwamba wazo lilikuwa lake tangu mwanzo, na kwamba yeye ndiye aliyeitambua ile mashine kwa mara ya kwanza. Hilo la pili, ukitaka haki, lilikuwa kweli.

Siku ya mwisho ya mwezi wa sita mwanawe Sista alifika na pikapu ya kukodi, dereva wake, na kamba za kufungia kitanda. Alikuta mlango umefungwa. Kinyozi akamwelekeza kituo cha mabasi, akakataa kumwambia zaidi. Mdomo ulimwasha kwa kuzuia, lakini alizuia.

Alimkuta mama yake kwenye benchi, saa kifuani, kalamu mkononi, amevaa viatu vyake vyeupe vya wodini. Kabla hajaketi, Sista alimpa risiti ya kodi ya miezi mitatu, iliyolipwa asubuhi hiyo. Mwanawe aliisoma mara mbili, akaigeuza nyuma kana kwamba huko kungekuwa na masharti. Akauliza ni mashine gani. Sista akamwonyesha kwa kalamu: ile ya kijivu, huwezi kuiona vizuri, iko nyuma ya nguzo.

Alikwenda akatazama. Akarudi ameghadhibika kidogo, kama fundi yeyote anayeona kifaa kisichoeleweka.

"Mama, ile inatoa chenji tu. Yenyewe inaingiza ngapi?"

"Yenyewe? Hata sarafu moja."

"Sasa unaishije?"

 Sista hakuwa mtu wa hotuba. Alitazama ukumbi, watu wakiinama, wakisimama, wakienda na sarafu zao.

"Mimi nilimponya nani, mwanangu?" alisema. "Kupasua alipasua daktari, dawa aliandika daktari, na shukrani walimpa daktari. Mimi niliweka maji karibu. Nikawageuza ubavu wasichubuke. Ukinihesabu peke yangu, sikuingiza kitu. Sasa ungeniondoa kwenye ile wodi uone."

 Mwanawe alikuwa na miaka saba, minane, mama huyu alipokuwa akirudi alfajiri na viatu hivihivi mkononi ili asimwamshe, na alikuwa anaamka hivyo hivyo, anajifanya amelala. Siku zote alimwonea huruma kwa kazi ile. Hakuwahi kufikiri kwamba aliipenda, wala kwamba alikuwa hodari. Macho yalimlowa, akasingizia vumbi, katika ukumbi ambao Kipara aliupiga deki mara mbili kwa siku.

Akainuka. Alikwenda nyuma ya nguzo, mahali ambapo hakuna anayekutazama, akakaa huko zaidi ya sekunde kumi. Aliporudi alikuwa na sarafu kumi. Tano alimwekea mama yake kiganjani.

Sista alianza kusema kwamba nesi halali kitanda cha mgonjwa. Akaanza tu. Kisha akakumbuka kwamba amestaafu, na kwamba tangu Ijumaa ile ya mwezi wa kwanza hakuna aliyemwambia siku yake ya kuanza kustaafu ni lini. Akaikunja chati, akaitia mkobani pamoja na kalamu.

Waliketi kwenye magari mawili ya mashindano yaliyopakana. Sista hakuwahi kuendesha kitu chochote maishani isipokuwa machela. Kona ya kwanza alipanda ukuta. Ya pili alirudi alikotoka. Ya tatu alimgonga mwanawe kwa nyuma, makusudi, akacheka kwa sauti iliyomtoa Kipara kidirishani kuja kutazama. Kiti kilimtikisa magoti, na magoti, safari hii, hayakulalamika.

Walikuwa katikati ya mbio za pili dereva wa pikapu alipochungulia mlangoni, jasho linamtoka, akauliza hicho kitanda cha kuhamisha kiko wapi, maana anapoteza muda wake.

"Mwambie hakuna anayehama," Sista alimwambia mwanawe bila kuondoa macho barabarani. "Na kama ana noti, aende kule nyuma ya nguzo. Kuna gari la tatu hapa halina mtu."